Profesa na Mabinti wa Macho Meupe

Jina la Profesa alipewa na Mjomba wake, na hakupewa kwa heshima. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, hana meno ya mbele, siku Mjomba alipokuwa akiwaeleza wageni sebuleni kwamba mwezi una mwanga wake wenyewe, kama taa. Mtoto akachungulia nyuma ya pazia, akasema, "Hapana, Mjomba. Mwezi unaazima mwanga wa jua." Wageni wakaangua kicheko. Mjomba akameza mate, akasema, "Haya, Profesa, nenda kalale." Tangu siku hiyo jina likamganda kama kupe. Kwanza alilikasirikia, kisha akalizoea, na mwishowe akaliamini. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Akakua, akaingia chuo kikuu kusomea baiolojia, akapata nafasi ya kwenda nchi ya mbali kufanya mafunzo ya vitendo katika maabara kwa miezi mitatu. Jamaa wakajaa sebuleni kumuaga, wengine wamekaa kwenye mikono ya makochi. Mjomba, ambaye akiona watu watatu wamekaa pamoja lazima atoe hotuba, akasimama.

"Huyu binti yetu," alisema, "anakwenda ng'ambo kutafuta dawa."

"Dawa ya nini?" akauliza Shangazi.

"Ya magonjwa."

"Magonjwa gani?"

Mjomba akamtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa. "Kwa ujumla," akasema, na watu wakapiga makofi.

Sasa Profesa alijua fika kwamba maabara ile haitafuti dawa. Alishaambiwa kwamba kule wanachunguza nzi, tena wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Angeweza kusema. Badala yake alikitazama kiatu chake cha kulia mpaka makofi yakaisha. Mwenyewe akisimulia leo husema alikuwa anachelea kumkatiza mkubwa akiongea. Ukimbana kidogo, hukubali kwamba neno "dawa" lilimkaa vizuri masikioni kuliko neno "nzi."

Mama yake, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliuliza kitu kimoja tu: "Huko kuna baridi?" Alipoambiwa ipo, akaongeza sweta kwenye begi, na begi likagoma kufunga.

Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido ndefu iliyonuka hamira na matunda yaliyolala. Ndani kulikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi darini, na kwenye rafu kulikuwa na chupa, mamia ya chupa, kila moja imezibwa kwa pamba, ina uji mzito chini na nzi wakipanda na kushuka kwenye kioo. Mkubwa wa pale alikuwa mzee mrefu aliyevaa miwani juu ya kipaji cha uso na kuitafuta mezani kutwa nzima. Kimoyomoyo Profesa akamwita Mzee Miwani. Huyo alikuwa profesa wa kweli, aliyeusotea uprofesa wake, si wa kubatizwa na mjomba wake.

Mzee Miwani akamkabidhi kwa mwanamke mfupi aliyekuwa akimalizia shahada yake ya uzamivu. Mwanamke huyu alitembea mbio, alikula mbio, aliandika mbio, na alipoongea maneno yalikimbizana yakikanyagana visigino. Huyo akawa Dada Mbio.

Na hapo kulikuwa na tatizo ambalo Profesa hakulitegemea. Lugha ya pale aliijua, tena shuleni alikuwa akipata alama za juu. Lakini aliijua vitabuni, na vitabuni lugha hukaa kitako ikakungoja. Kinywani mwa Dada Mbio ilipita kama gari la zimamoto: unasikia king'ora, unageuka, imeshakata kona.

"Hapa ndipo wanapokaa hawa, pale wale, hiki cha gesi, kile usiguse, umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema Profesa.

Alikuwa amepata neno "usiguse." Usiguse nini, hilo ndilo lilimpita. Kwa wiki nzima hakugusa kitu chochote ambacho hakuoneshwa kwa kidole, na Dada Mbio akawaambia wenzake kwamba mgeni ni mtu makini sana.

Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya jikoni. Ndiyo, maabara ilikuwa na jiko, maana nzi wa utafiti hawali hovyo kama nzi wa mtaani, hao hupikiwa. Dada Mbio akaweka mezani sufuria kubwa la kutosha kumwogeshea mtoto, unga wa mahindi, hamira na dumu la sukari nyeusi ya majimaji, akamkabidhi mwiko mrefu kama kasia.

"Koroga, usiache. Ukiacha unashika chini."

Hilo hakuhitaji kutafsiriwa. Profesa, ndani ya koti jeupe alilokunja mikono mara tatu kwa kuwa lilishonewa mtu mwenye urefu wa mlango, akakoroga. Mvuke ukampanda usoni, jasho likamtiririka. Hesabu zote zile, alijiambia, kemia, fizikia, kukesha na vitabu, kupanda ndege mara mbili, ili nije kuwasongea nzi uji. Na uji wenyewe ukatoka na madonge. Nyumbani Mama asingeuweka mezani. Nzi, kwa ustaarabu wao, hawakulalamika.

Jioni ile Mjomba akaandika kwenye kundi la familia: *Profesa, tutumie picha ukiwa kazini, watu wanauliza.*

Angeweza kutuma picha ya sufuria. Alitoka koridoni, akatafuta, akaona mtambo mmoja mkubwa unang'aa, una vitufe na taa ya kijani, unanguruma kwa heshima. Akasimama kando yake, akakunja mikono, akainua kidevu, akajipiga picha.

*Hiyo ndiyo mashine yenyewe?* akauliza Mjomba.

*Ndiyo yenyewe,* akajibu Profesa, asijue ni yenyewe ya nini.

Wiki iliyofuata alimkuta fundi wa vyombo amefungua mlango wa mtambo ule, anachota barafu kwa koleo na kujaza ndoo. Ilikuwa mashine ya barafu. Profesa akapita kama hakuona. Wakati huo Mjomba alishaiweka picha ile kwenye simu yake mahali ambapo watu huweka sura zao wenyewe.

Baada ya uji ikaja kazi yenyewe, ya kuchagua nzi. Unawapulizia gesi, wanalala usingizi kama wafu, unawamwaga kwenye kisahani cheupe, unawatazama kwa hadubini, na kwa brashi nyembamba unatenga majike huku na madume kule. Dume ana makalio meusi, jike hana. Ni rahisi, ila nzi hawalali milele. Dada Mbio alimaliza kisahani kizima kabla mtu hajapiga mwayo. Profesa alimkagua kila nzi kama afisa wa mpakani anayekagua pasipoti, na alipofika katikati wale wa kwanza walikuwa wameshaamka, wananyoosha miguu, wanaaga.

Siku moja alifanya vizuri sana. Alikuwa ametenga karibu wote, mafungu mawili safi, hata akajipongeza kwa sauti ndogo. Kisha akapiga chafya. Sitaki kueleza zaidi. Dada Mbio, ambaye nzi mmoja alimwangukia ndani ya kikombe cha kahawa, alisema neno moja ambalo Profesa hakulikuta katika kitabu chochote.

Wale nzi walimfuata hata nyumbani. Alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyependa usafi kuliko salamu. Jumamosi moja mwenye nyumba akagonga mlango, mkononi ana bakuli la zabibu, na juu ya zabibu wanazunguka wageni wachache.

"Hawa umekuja nao wewe?"

Profesa akainama. Kwa mara ya kwanza tangu afike, utaalamu wake ulikuwa unahitajika. Akasogeza jicho, akatazama vizuri, uso ukamng'aa.

"Ndiyo, ni wetu kabisa! Wa mitaani wana macho mekundu. Hawa wana macho meupe, hawapatikani hivihivi!"

Furaha ile haikumwambukiza mwenye nyumba. Kuanzia siku hiyo Profesa alitakiwa kukung'uta nguo zake zote nje kabla ya kuingia, na wapita njia wakawa wanamwona dada mmoja akijipigapiga kwenye baridi kama aliyeingiwa na siafu.

Ni nzi hao wa macho meupe waliompandisha juu, kisha wakamwangusha.

Dada Mbio alimpa kazi ya kuoza nzi: majike wa macho meupe waolewe na madume wa macho mekundu, halafu watoto wakizaliwa wahesabiwe. Sheria yake Profesa aliijua tangu sekondari, na aliipenda kwa sababu ilikuwa kama kitendawili. Mama akiwa na macho meupe na baba mekundu, mabinti wote hufuata macho ya baba na wana wote hufuata macho ya mama. Mabinti mekundu, wana meupe. Haibadiliki, imejaribiwa na watu kabla babu yake hajazaliwa.

Kitu kimoja tu ni lazima: majike wawe wanawali. Nzi jike akishakutana na dume huweka mbegu zake tumboni na kuzitumia siku nyingi. Ukimwoza mume mwingine baadaye, hujui tena mtoto ni wa nani. Lakini jike aliyetoka sasa hivi kwenye kifuko anamogeuka kutoka buu kuwa nzi humkataa dume kwa saa kadhaa za mwanzo, na hapo ndipo unamchukua.

Kuhusu namna ya kuwapata wanawali hao, Dada Mbio alitoa maelezo kamili, yaliyonyooka, akiwa njiani kuelekea kwenye lifti. Profesa alikimbia nyuma yake akaokota aliyoweza kuokota: asubuhi, chupa, majike, toa, madume, tupa.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mlango wa lifti ukafunga. Dada Mbio akasafiri kwenda kwenye mkutano wa watafiti na hakurudi kwa wiki mbili na ushee.

Profesa akafanya kazi kama mchwa. Asubuhi alifungua chupa za macho meupe, akatoa majike aliowakuta, akawaoza kwa madume wa macho mekundu, akawapikia uji usio na madonge, akangoja. Watoto walipoanza kutoka akawapulizia gesi, akawamwaga kwenye kisahani, akainamia hadubini. Wana wa macho meupe, sawa. Mabinti wa macho mekundu, sawa. Kisha akaona binti mwenye macho meupe.

Akafuta kioo. Akatazama tena. Binti, hana makalio meusi, na macho meupe pee. Kando yake mwingine. Na mwingine. Kwenye chupa ya pili walikuwa wamejaa.

Mtu mwingine angesema, "Nimekosea wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la mwanasayansi, na lipo kwenye kurasa za mwanzo za kila kitabu. Profesa alisema, "Sheria imeanguka." Akajiona yupo kwenye vitabu vya shule, picha yake ndogo pembeni mwa ukurasa, watoto wakimchorea masharubu.

Akampigia Mjomba.

"Mjomba, nimegundua kitu. Lakini tafadhali usimwambie mtu, bado."

Kumwambia Mjomba asimwambie mtu ni sawa na kumpa paka samaki akutunzie. Kabla ya jua kuzama ukoo mzima ulikuwa na habari. Kesho yake zilifika shuleni kwao Profesa, na Mwalimu Mkuu akaomba mgunduzi azungumze na wanafunzi kwa simu ya video, wiki inayofuata, wakati wa somo la sayansi. Profesa akakubali. Alisema "sawa" haraka sana, hata akajishtukia.

Kila Ijumaa maabara ilikuwa na kikao. Watu walikaa kuzunguka meza ndefu na vikombe vyao vya kahawa, na mwenye jambo alionesha kazi yake kwenye skrini. Wanafunzi wa mafunzo kwa kawaida walikaa karibu na mlango na kunyamaza. Profesa akamwendea Mzee Miwani, akaomba nafasi ya kuzungumza.

Mzee Miwani akashusha miwani kutoka kwenye kipaji, akamtazama. "Una jambo?"

"Ninalo."

"Una uhakika nalo?"

"Ninao."

"Haya," akasema, akairudisha miwani juu.

Ijumaa ikafika. Dada Mbio alikuwa amerudi asubuhi ileile, macho yamevimba kwa safari. Profesa alikuwa amevaa sweta la Mama, amelinyoosha kwa pasi, na kwenye skrini ameandika kwa herufi kubwa: JE, SHERIA YA MACHO IMEANGUKA?

Mtu mmoja akakohoa. Dada Mbio akaweka kikombe chake chini polepole, na huo ulikuwa mwendo wa kwanza wa polepole aliowahi kufanya.

Profesa akaanza, na kusema kweli alianza vizuri. Sauti yake ilitulia. Akaeleza sheria, akaonesha picha za mabinti wa macho meupe, akaonesha jedwali. Watu walitazama picha kisha wakatazamana, naye akaona ni mshangao. Kisha akafika kwenye sehemu ya kueleza alivyofanya, sehemu ambayo kila msomi huipita haraka, na yeye akaipita taratibu ili wamfuate.

"Nilihakikisha majike wote ni wanawali," akasema. "Kila asubuhi nilipofika nilifungua chupa, nikawachukua majike wote niliowakuta humo, ambao walikuwa..."

Akalitazama tena jedwali lake.

Kuna maneno mtu huwa nayo kichwani mwezi mzima yakimpendeza, mpaka siku anapoyasikia kwa masikio yake. Asubuhi. Majike aliowakuta humo. Na usiku kucha humo chupani walikuwa na nani? Akaziona chupa zile kama chumba kisicho na kizuizi, mabinti na vijana wa macho meupe wamechangamana tangu jioni, na yeye anaingia asubuhi amevaa koti jeupe, anawashika mabinti mikono, anawatangaza wanawali mbele ya dunia.

Akamtazama Mzee Miwani. Macho yake hayakuwa na ukali. Alikuwa anamngoja tu, na Profesa akafahamu kwamba mzee yule alishaona kosa tangu picha ya kwanza. Angeweza kukohoa, kusingizia mtambo, kuomba maji. Mlango ulikuwa karibu. Kitu fulani ndani yake, labda ni uchovu wa kusema "nimeelewa" siku zote hizo, kikamkatalia.

"...ambao walikuwa wamelala na madume usiku kucha," akamalizia. "Madume wa macho meupe. Kwa hiyo hawa si mabinti wa ajabu. Hawa ni watoto wa ndoa ya kwanza. Sheria ipo palepale. Wanawali wangu hawakuwa wanawali."

Aliyecheka kwanza alikuwa Dada Mbio. Alijaribu kuzuia kicheko kwa mkono, kikampasukia puani, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Fundi wa vyombo aliinamisha kichwa mezani mabega yakimtikisika. Profesa alisimama mbele yao, masikio yanawaka moto, na maandishi yale makubwa yakiwa juu ya kichwa chake kwenye skrini. Alitamani sakafu immeze. Kisha, na hili hata yeye halielewi vizuri, akageuka akayasoma tena yale maandishi, na alama yake ya kuuliza mwishoni, naye kikamtoka kicheko, kidogo, cha kujihurumia, kikakua.

Mzee Miwani alingoja wamalize. "Endelea," akasema.

"Nimemaliza, Profesa." Neno lile lilimtoka kwa shida kinywani.

"Hapana. Jumatatu utafanya nini?"

Profesa akafikiri. Akamgeukia Dada Mbio. "Dada, nilikuambia nimeelewa. Sikuelewa. Mengi tu sikuyaelewa. Naomba unieleze tena, polepole, tukiwa tumekaa chini."

Dada Mbio akajifuta machozi. "Asubuhi unawatupa wote," akasema, neno moja moja, kama anayemlisha mtoto. "Chupa inabaki tupu, ina vifuko tu. Unarudi mchana. Watakaokuwa wametoka hapo katikati, hao ndio wako."

Kumbe alikuwa amewachukua waliopaswa kutupwa, akawaacha waliopaswa kuchukuliwa. Hata kwa kubahatisha mtu angepata nusu.

Jioni ikabidi apige simu nyumbani. Alizunguka chumba, akakung'uta nguo ambazo alishazikung'uta, akapiga.

"Mjomba, ule ugunduzi haupo."

"Wameuiba?"

"Hapana. Ilikuwa makosa yangu."

"Kwa hiyo sheria haijaanguka?"

"Haijaanguka, Mjomba. Niliyeanguka ni mimi."

Akamweleza yote, ya nzi, ya uji, ya usiku chupani, na kwa kuwa alishaanza, akamweleza na mashine ya barafu. Mjomba akawa anapumua kwa nguvu kwenye simu. Nyuma yake ikasikika sauti ya Shangazi ikiuliza kuna nini, Mjomba akamnong'oneza, na kikazuka kicheko cha kukatisha pumzi, cha mtu anayepiga mapaja na kuomba aletewe maji.

"Dawa ya magonjwa kwa ujumla!" Shangazi alipiga kelele. "Kumbe ni barafu!"

"Nyamaza wewe," Mjomba akamwambia, lakini sauti yake ilishaanza kuvunjika. "Sasa Mwalimu Mkuu nitamwambia nini mimi?"

"Usimwambie kitu. Nitaongea nao mwenyewe."

Na akaongea. Siku ilipofika alikaa ukingoni mwa kitanda, simu ameiegemeza kwenye vitabu, na ndani ya kioo akaona darasa limefurika, wengine wamesimama madirishani. Mwalimu Mkuu akamtambulisha kwa majina ambayo hata Mzee Miwani hakuwa nayo. Profesa akasubiri amalize, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Hayo yote si kweli. Mimi huku napika uji."

Akawasimulia tangu mwanzo. Alipofika kwenye chafya walicheka hata picha ikatikisika. Alipofika kwenye kikao, msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Dada, kwa nini hukuuliza tangu siku ya kwanza?"

"Niliogopa watajua kwamba sijui."

"Na sasa wamejua?"

"Wamejua wote, hadi fundi."

"Wakakufukuza?"

"Walinipa chupa nyingine."

Msichana akaketi, akionekana kuwa bado anaipima hiyo habari. Mwalimu Mkuu akafunga mazungumzo kwa kusema kwamba wamejifunza mengi, ingawa uso wake ulionesha kwamba aliahidiwa kitu kingine.

Profesa akaanza upya. Sasa aliuliza kila kitu, aliuliza mpaka Dada Mbio akapunguza mwendo, kwanza kwa hasira, kisha kwa mazoea. Aliuliza hata kitu alichokatazwa kugusa siku ya kwanza, akaambiwa kilikuwa sanduku la chakula cha mchana cha fundi. Asubuhi aliwatupa wote. Mchana alirudi akawakuta mabinti wapya, wamepauka, mabawa bado yamekunjamana, na akawaoza kwa heshima zote. Watoto walipotoka, mabinti walikuwa na macho mekundu na wana meupe, wote, bila hata mmoja kukosea njia. Mzee Miwani akainamia hadubini kwa muda, akasema, "Ndivyo ilivyo," akaenda kutafuta miwani yake. Kesho yake Profesa akapewa kazi ya kweli ya maabara, ndogo, katika pembe moja ya utafiti wa Dada Mbio. Haikuwa dawa ya kitu chochote.

Siku chache kabla hajaanza kufunga begi, Mama akapiga simu wakati wa kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Profesa akashtuka, akapokea akiwa bado ameshika brashi.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wenzangu wote hapa wanacheka hao nzi, mimi sijawaona. Nioneshe."

"Ni nzi tu, Mama."

"Nioneshe."

Profesa akachagua mmoja, binti wa macho mekundu aliyelala chali, akamgeuza taratibu kwa brashi. Akaweka jicho la simu kwenye tundu la hadubini, akaisogeza kidogo kidogo mpaka giza likafunguka. Hakusikia kitu upande wa pili. Akadhani simu imekatika.

"Mama?"

"Nipo." Mama alikuwa anaongea kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. "Hilo jicho lote ni lake?"

"Lake."

"Mbona limejaa vijicho vingine ndani? Kama komamanga lililopasuliwa."

"Ni mamia, Mama. Kila kimoja kinaona."

"Nami miaka yote hii nawapiga kwa kitambaa." Mkono wa Profesa ulianza kuuma kwa kuishikilia simu hewani, na nzi akaanza kutikisa mguu mmoja, usingizi ukimwishia.

"Mama, anaamka. Niondoe?"

"Usiondoe," alisema Mama. "Bado natazama."